Nani Anafaa Kuwa Balozi wa Triathloni Kibaha na Kisarawe?

Mbio za hisani au tamasha la michezo likitangazwa nchini, jina la balozi hutangulia, wakati mwingine hata kabla ya njia ya mbio kujulikana. Mara ni msanii wa bongo fleva, mara mchekeshaji, mara mwanasoka. Mwanariadha mwenyewe, akikumbukwa, huvishwa fulana ya mdhamini, akapigwa picha, akaenda zake. Hapo ndipo mjadala huanza vijiweni na mitandaoni: balozi wa mchezo ni nani hasa? Ni aliyeshinda zaidi, anayejulikana zaidi, au anayefanya kazi zaidi?

Mjadala huwa mgumu zaidi mchezo wenyewe unapokuwa mgeni. Triathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo bila kupumzika, bado haijaota mizizi Tanzania. Wapo wanaodhani ni marathoni iliyoongezewa baiskeli. Wapo wanaouona ni mchezo wa wageni wenye fedha na muda. Soka haihitaji mtu wa kuieleza, ila triathloni inamhitaji, na ikimpata asiyefaa inaweza kuchafuka kabla haijajulikana.

Makala haya yanapima sifa za mwanamichezo wa kulipwa anayefaa kubeba ubalozi huo, kwa kutazama wilaya mbili za Mkoa wa Pwani: Kibaha na Kisarawe. Zote zinapakana na Dar es Salaam, zina vijana wengi, zina barabara na vilima. Na ingawa mkoa wao unaitwa Pwani, zote mbili hazina bahari. Jambo hilo la mwisho litaonekana kuwa na uzito kuliko yote.

Mchezo na mazingira yake

Triathloni iliingia kwenye Olimpiki mwaka 2000 mjini Sydney. Umbali wa Olimpiki ni kilomita 1.5 za kuogelea, 40 za baiskeli na 10 za kukimbia. Mbio fupi huchukua nusu ya hapo. Upande wa pili kuna Ironman, iliyoanzia Hawaii mwaka 1978: kilomita 3.8 majini, 180 za baiskeli, kisha marathoni kamili. Nusu yake, inayoitwa Ironman 70.3, ilifika Afrika Mashariki mwaka 2022, pale Rwanda ilipoiandaa Rubavu, kando ya Ziwa Kivu.

Ukichukua vipande hivyo vitatu ukavipeleka Kibaha na Kisarawe, hali yake haifanani. Kukimbia hakuna shida. Vikundi vya jogingi vimeenea kuanzia Dar es Salaam hadi Mailimoja, na mtu anahitaji viatu tu, au hata asivihitaji. Vilima vya Pugu na njia za pembezoni mwa msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni uwanja wa mazoezi usiolipiwa na mkimbiaji wa barabara za mtaani.

Baiskeli ipo, lakini mara nyingi ni chombo cha kazi: ya kubebea mkaa, maji au mazao. Barabara ya Morogoro inayoikata Kibaha imepanuliwa kuwa ya njia nane kati ya Kimara na Kibaha, na hilo limepunguza foleni. Hata hivyo malori ya kwenda bara na nchi jirani hayajapungua, na mwendesha baiskeli anabaki mdogo mbele ya gari la matela. Barabara ya udongo ya Mlandizi, Mzenga hadi Maneromango, inayoziunganisha wilaya hizi mbili, ina magari machache, lakini ina vumbi na makorongo.

Kuogelea ndiko kwenye tatizo. Mto Ruvu unapita, ila una mamba na viboko. Mabwawa salama ya kuogelea ni machache na mara nyingi yako ndani ya uzio wa taasisi au hoteli. Bahari iliyo karibu iko Bagamoyo au Dar es Salaam. Kwa hiyo mtoto wa Kisarawe anaweza kukulia Mkoa wa Pwani bila kuingia kwenye maji yanayomfika kifuani.

Mazingira haya ndiyo yanayopaswa kuamua aina ya balozi. Pamoja na hayo, mara nyingi balozi huchaguliwa kwa hoja tatu ambazo hazianzii hapo. Tuzitazame moja moja.

Hoja ya kwanza: balozi ni bingwa

Wenye hoja hii wanasema mchezo huvutia kwa ushindi. Mtoto hataki kufanana na aliyeshika nafasi ya arobaini. Ushahidi wao ni mzito. Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, Watanzania ambao hawakuwa wamefuatilia riadha kwa miaka walikesha wakirudia picha za hatua zile za mwisho. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Kwenye triathloni yenyewe mfano mzuri unatoka Bermuda, kisiwa chenye watu wapatao 64,000. Mwaka 2018 kiliandaa shindano la mfululizo wa dunia, na mzaliwa wa kisiwa hicho, Flora Duffy, akashinda. Mwaka 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, akaipa Bermuda dhahabu yake ya kwanza katika historia ya Olimpiki. Nchi ndogo iliuelewa mchezo huo kwa sababu mtu wao aliushinda. Afrika nayo ina Henri Schoeman wa Afrika Kusini, aliyepata shaba Rio mwaka 2016.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba ubingwa haudanganyi. Bingwa akisema mazoezi yanahitaji uvumilivu, ana saa na medali za kumthibitishia.

Ina udhaifu wa aina tatu. Kwanza, bingwa ana muda mdogo. Mwanatriathloni wa kulipwa anafanya mazoezi ya michezo mitatu kwa wiki moja, na kila siku anayotumia kufungua mashindano ya shule ni siku iliyotolewa kwenye mazoezi au mapumziko. Pili, ubingwa huisha. Jeraha moja la mguu laweza kuondoa sababu pekee iliyomfanya achaguliwe. Tatu, bingwa huweza kuogopesha. Anayeanza akiona baiskeli ya mamilioni na mwili uliochongwa kwa miaka 15, anaweza kuhitimisha kwamba mchezo huo ni wa watu wengine.

Historia ya Tanzania yenyewe inaipinga hoja hii kwa kiasi. Mwaka 1968, Mexico City, John Stephen Akhwari alimaliza marathoni akiwa wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi Mamo Wolde, goti likiwa limefungwa bandeji baada ya kuanguka. Dunia inamkumbuka yeye kuliko wengi waliomtangulia. Miaka 40 baadaye alihudumu kama balozi wa hiari wa Olimpiki ya Beijing na alikuwa miongoni mwa waliobeba mwenge ulipopita Dar es Salaam mwaka 2008.

Triathloni nayo ina Akhwari wake. Februari 1982, Julie Moss, mwanafunzi wa miaka 23, aliishiwa nguvu mita chache kabla ya kumaliza Ironman akiwa anaongoza upande wa wanawake. Alipitwa, akatambaa hadi mstari wa mwisho mbele ya kamera za televisheni ya Marekani. Picha hizo ziliwaingiza wengi kwenye mchezo kuliko ushindi wa yeyote aliyemtangulia, na Moss hakuwa hata mwanamichezo wa kulipwa. Kumbe mchezo wa ustahimilivu huuzwa vizuri na anayeonyesha namna ya kumaliza, awe ameshinda au hakushinda.

Hoja ya pili: balozi ni mwenye jina

Hoja ya pili ni ya wadhamini na baadhi ya waandaaji. Wanasema mchezo mpya hufa kwa kukosa macho ya watu. Mwenye wafuasi wengi huleta kamera, kamera huleta mdhamini, na mdhamini huleta maji, ambulensi na vizuizi vya barabarani. Bila hayo hakuna shindano.

Hoja hii haifai kudharauliwa. Triathloni ni ghali kuiandaa kuliko mbio za kawaida. Inahitaji waokoaji majini, askari wa usalama barabarani kwa saa nyingi, eneo la kubadilishia lenye ulinzi wa baiskeli, na madaktari sehemu tatu tofauti. Fedha hizo hazitoki kwenye viingilio vya washiriki 80.

Kisarawe ina ushahidi wa jinsi umaarufu unavyoweza kufanya kazi. Mwaka 2018 Jokate Mwegelo, aliyejulikana kwa mashindano ya Miss Tanzania ya mwaka 2006 na kwa sanaa, aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya hiyo. Kampeni yake ya "Tokomeza Zero" ililenga wanafunzi wanaopata daraja sifuri, ikakusanya michango, na leo wilaya ina shule ya sekondari ya wasichana yenye jina lake. Lakini tazama ni nini kilichoufanya umaarufu huo uzae: lengo lilikuwa moja na linaloweza kuhesabiwa, mamlaka yalikuwepo, na mwenye jina alikuwa ofisini Kisarawe kila siku. Ukiyaondoa matatu hayo unabaki na picha za mitandaoni.

Hapo ndipo udhaifu wa hoja ya pili ulipo. Wafuasi wa mtu si wafuasi wa mchezo. Anayemfuata nyota kwa muziki au kwa mavazi atapenda picha ya nyota huyo akiwa na kofia ngumu, kisha atasogeza kidole kwenye picha inayofuata. Na mwanamichezo wa kulipwa aliyezoea kuishi kwa idadi ya wafuasi huanza kuchagua matukio yanayopendeza kwenye kamera. Darasa la watoto 20 wanaojifunza kuelea halipendezi kwenye kamera kama mstari wa kuanzia wenye fataki.

Mpira wa kikapu una funzo la kufanana. Hasheem Thabeet alichaguliwa namba 2 kuingia NBA mwaka 2009, Mtanzania wa kwanza kufika ligi hiyo. Jina lilikuwa kubwa kupita kiasi. Lakini jina, hata likiwa la ukweli na la jasho, halijengi kiwanja Mlandizi. Kiwanja hujengwa na halmashauri, shule, chama au mdhamini aliyeshawishiwa kwa mpango. Kumlaumu nyota kwa kukosekana kwa viwanja ni kumtwisha mzigo wa wengine.

Hoja ya tatu: balozi ni mwalimu aliye jirani

Hoja ya tatu inasema mcheza kwao hutunzwa: balozi bora ni yule anayeishi na watu, anayefundisha, anayeonekana sokoni na shuleni. Cheo chake cha kimataifa ni cha ziada.

Kenya ina mfano mzuri wa kulinganisha. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alishinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, akiwakilisha Uingereza. Aliyemfundisha utotoni ni David Kinjah, mwendesha baiskeli Mkenya wa eneo la Kikuyu, ambaye kwa miaka mingi amewalea vijana kupitia Safari Simbaz. Duniani Froome ndiye anayejulikana. Lakini kijana wa Kikuyu anayetaka kujifunza kurekebisha mnyororo na kupanda mlima kwa gia sahihi anabisha mlango wa Kinjah.

Kibaha nayo ina mtu aliyeunganisha hoja ya kwanza na ya tatu. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3:32.2, akiongoza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwaka uliofuata akavunja ya maili moja mjini Kingston kwa 3:51.0. Rekodi yake ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu miaka 48, hadi Birmingham mwaka 2022. Mwaka 1980 alileta medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kutoka Moscow, na hadi leo medali yake na ile ya Suleiman Nyambui ya mita 5,000 ndizo pekee za Tanzania kwenye Olimpiki. Baada ya hapo hakuishia kuwa picha ukutani. Alianzisha shule na taasisi yenye jina lake Mkuza, Kibaha, na kwa miaka mingi akawa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Mtoto wa Kibaha anaweza kusoma katika eneo alilolijenga mshika rekodi wa dunia.

Nguvu ya hoja ya tatu, basi, ni kwamba inaacha kitu. Hata balozi akizeeka, darasa linabaki.

Nayo ina kasoro. Mwalimu wa jirani huenda asijulikane nje ya wilaya, na mdhamini hamjui. Pia ukaribu huleta siasa za ndani: anakuwa mwenyekiti wa chama, mteuzi wa timu, mpokeaji wa fedha, na ghafla balozi ni mtawala anayelalamikiwa. Mtu mmoja akishika kofia zote, kosa la ofisi linakuwa doa la mchezo. Tena mwalimu asiyelipwa huchoka, na kazi ya kujitolea isiyo na mwisho haiwezi kuitwa mpango.

Vigezo visivyo na mjadala: usafi na usalama

Hoja zote tatu zinaweza kupimwa na kubadilishana uzito. Mambo mawili hayapaswi kuwekwa kwenye mizani hiyo, kwa sababu mwombaji asiyeyatimiza anatakiwa kuondolewa mwanzoni.

La kwanza ni usafi dhidi ya dawa zilizopigwa marufuku. Mwaka 2023 Mmarekani Collin Chartier, mwanatriathloni wa kulipwa aliyekuwa anapanda kwa kasi, alikutwa na EPO na kufungiwa miaka mitatu. Jirani zetu Kenya waliumia zaidi: Ruth Chepngetich, aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake Chicago mwaka 2024, alifungiwa miaka mitatu mwaka 2025. Mchezo mkubwa hustahimili aibu ya mtu mmoja. Mchezo wenye washiriki wachache na balozi mmoja hauwezi, kwa kuwa kwa wazazi wa Kibaha balozi huyo ndiye mchezo wote wanaoujua. Kwa hiyo mkataba wa ubalozi unapaswa kueleza utaratibu wa vipimo na hatua za kusimamishwa kabla sherehe haijafanyika.

La pili ni usalama, hasa wa majini. Utafiti wa Marekani uliotazama matukio ya mwaka 1985 hadi 2016 ulikusanya visa 135 vya vifo na kusimama kwa moyo katika triathloni. Visa 90 vilitokea wakati wa kuogelea. Na hiyo ni nchi yenye waokoaji na madaktari. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, mbio za wanaume ziliahirishwa kwa siku moja kwa sababu maji ya mto Seine hayakuwa salama, ingawa mabilioni yalikuwa yametumika kuusafisha. Waandaaji wa Paris walikubali aibu ya kuahirisha mbele ya dunia. Balozi wa triathloni nchini anatakiwa kuwa na ujasiri uleule wa kusema "leo hatuingii majini", hata mdhamini akikasirika. Anayepiga picha akiwa mtoni Ruvu ili kuonyesha ushupavu hafai, hata awe bingwa wa bara.

Barabarani ni hivyohivyo. Balozi anayeonekana akiendesha bila kofia ngumu kati ya malori Barabara ya Morogoro anawafundisha vijana jambo ambalo hakuna kampeni itakayolifuta.

Fedha, muda na maana ya "kulipwa"

Mkanganyiko mwingine unatokana na neno la mikataba: mwanamichezo wa kulipwa analipwa na nani? Ulaya na Marekani, mwanatriathloni huishi kwa zawadi za mashindano, wadhamini wa vifaa na mikataba ya matangazo. Kwa hiyo ubalozi kwake ni sehemu ya biashara. Tanzania, wanariadha wengi wakubwa ni waajiriwa wa majeshi: JWTZ, JKT, Polisi, Magereza. Simbu mwenyewe ni askari wa JWTZ.

Mfumo huu una faida na gharama. Faida ni utulivu: mshahara hauondoki mguu ukiumia, na mwanamichezo hana haja ya kuuza kila kitu, hata nidhamu yake, ili ale. Kambi kama ya JKT Ruvu, iliyo ndani ya eneo hili hili la Pwani, ina viwanja, ratiba na watu waliozoea mazoezi ya pamoja. Gharama ni kwamba muda wake si wake peke yake. Ubalozi unahitaji ruhusa ya mwajiri, na nembo ya kampuni fulani huenda isiendane na sare.

Mdhamini naye ana mvutano wake. Muuza baiskeli anataka balozi aonekane na baiskeli ya bei ya juu. Mchezo unataka aonekane na baiskeli ambayo baba wa Maneromango anaweza kuinunua. Mbio fupi za kuanzia zinaweza kufanyika kwa baiskeli ya kawaida, mradi breki zinashika. Mkataba ukimlazimisha balozi kuonyesha vifaa vya anasa tu, unajenga ukuta kati ya mchezo na watu unaotaka kuwavuta.

Kuna pia suala la wanawake. Kwenye jamii za Pwani, wazazi wengi wanahofia mavazi ya kuogelea kuliko maji yenyewe. Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili, na umeonyesha kwamba pingamizi hilo lina jibu bila kuikosea heshima jamii. Balozi mwanamke anayeweza kukaa na kina mama na walimu wa madrasa kulizungumza hilo kwa staha ana thamani ambayo saa yake ya kumaliza mbio haiwezi kuionyesha. Muingereza Chrissie Wellington, aliyeshinda ubingwa wa dunia wa Ironman mara nne, baada ya kustaafu alitumia jina lake kudai mbio za wanawake kwenye Tour de France na kufanya kazi na parkrun, mbio za bure za kilomita 5 za kila Jumamosi. Alichagua kazi inayofungua mlango kwa wasio na kasi.

Kuzipima hoja

Tukiziweka hoja tatu pamoja, tunaona kila moja inajibu swali tofauti. Ubingwa unajibu: kwa nini niamini mchezo huu? Jina linajibu: nani atalipia? Ukaribu unajibu: nianzie wapi? Kosa la kawaida ni kutafuta mtu mmoja wa kujibu yote, kisha kumlaumu akishindwa.

Njia bora ni kuuliza mchezo umekwama wapi mahali husika. Kibaha na Kisarawe hazijakwama kwenye kukimbia. Kumleta mkimbiaji mkubwa wa marathoni awe balozi wa triathloni ni kuimarisha kipande ambacho tayari ni imara. Umati utakuja, utakimbia, utarudi nyumbani ukiwa bado unaogopa maji. Baiskeli nayo, licha ya hatari za barabarani, watu wanaijua. Palipokwama ni majini.

Kwa hiyo, kwa mazingira haya, balozi wa kwanza anapaswa kutoka upande wa kuogelea: mwanatriathloni mwenye asili ya kuogelea, au mwogeleaji wa ngazi ya juu aliyeongeza baiskeli na mbio. Tanzania ina waogeleaji waliofika Olimpiki. Paris 2024 walikuwapo Collins Saliboko na Sophia Latiff, katika timu ya watu saba ambayo wanne walikuwa wakimbiaji wa marathoni. Watu wa aina hiyo ndio wenye ujuzi ambao Kibaha na Kisarawe hazina.

Pingamizi la haki lipo. Kuogelea kwa mashindano nchini kumejengeka zaidi kuzunguka shule binafsi zenye mabwawa. Mwogeleaji kutoka huko anaweza kuithibitisha hofu kwamba triathloni ni ya wenye uwezo. Pia hajulikani kwa kiwango cha mkimbiaji. Pingamizi hili halivunji hoja, linaongeza sharti: balozi huyo afanye kazi sambamba na mkimbiaji au mwalimu wa eneo husika, mmoja akileta maji, mwingine akileta imani ya watu. Jina kubwa, likipatikana, liitwe kwa siku ya uzinduzi na kwa mazungumzo na wadhamini, lisiachiwe ratiba ya mwaka mzima.

Na kipimo kibadilike. Badala ya kuhesabu wafuasi na picha, mkataba uhesabu watoto wangapi wameweza kuelea na kuogelea mita 50 bila msaada, walimu wangapi wa michezo wamepata mafunzo ya uokoaji, na shule ngapi zimerudia zoezi hilo balozi akiwa hayupo. Hayo yana faida hata kwa mtoto ambaye hatashiriki triathloni maisha yake yote, kwa sababu maji huua: Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya kuzama kuwa takriban 300,000 kwa mwaka duniani, na watoto ni sehemu kubwa ya waathirika.

Hitimisho

Kwa muhtasari: usafi na usalama ni sharti la kuingilia, asiyelitimiza asijadiliwe. Kati ya waliobaki, uwezo na utayari wa kufundisha utangulie, hasa kuogelea. Ukaribu na jamii ufuate, kisha mafanikio ya kimashindano, na umaarufu uwe wa mwisho. Mpangilio huu unafaa kwa Kibaha na Kisarawe, ambako maji ndiyo kikwazo. Mji wenye mabwawa na usio na wakimbiaji ungeupindua.

Balozi naye asigeuzwe kuwa serikali. Kazi ya Baraza la Michezo la Taifa, vyama vya kuogelea, baiskeli na riadha, halmashauri na shule ni kuwa na bwawa lenye mwokoaji, barabara inayofungwa kwa saa chache Jumapili asubuhi, na ratiba inayojirudia. Reli ya SGR inayosimama Pugu, Soga na Ruvu imerahisisha kuwafikisha washiriki bila kuongeza magari barabarani. Kilichobaki ni waandaaji kuacha kuanza na jina. Waanze na bwawa, wamtafute anayeweza kufundisha ndani yake, kisha ndipo wachapishe fulana.